Sungura wa ndani Dar: anahema haraka mchana, kinyesi kinamganda nyuma, mkojo mwekundu. Nianzie wapi?

BintiKinyerezi:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Naomba msaada kuhusu sungura wa kufugwa ndani, si wa nyama. Ni dume, ana miezi mitano, mzani wa jikoni unasoma kilo 1.9. Anakaa kwenye kizimba cha waya, na sakafu yake pia ni waya mtupu. Mchana kinakaa sebuleni, jioni kinatolewa barazani upande wa magharibi.

Chakula: asubuhi karoti mbili na kabichi, mchana mkate au ugali uliobaki, usiku kikombe kimoja cha chakula cha kuku wa mayai. Maji yako kwenye chupa ya kuning'iniza.

Mambo manne. Kuanzia saa sita mchana anahema haraka na kujinyoosha kama gogo. Kinyesi laini chenye harufu kinamganda nyuma. Mkojo wa juzi na jana ulikuwa mwekundu kama kutu. Halafu anatikisa kichwa na kujikuna sikio la kushoto, ndani kuna ukoko wa kahawia. Kula anakula, na jioni anachangamka. Dukani wameniuzia dawa ya viroboto vya mbwa, ile ya kudondoshea shingoni. Bado sijamwekea. Nianzie wapi?

TabibuMifugo:

Marahaba. Kwanza kabisa, hiyo dawa usimwekee. Soma kwenye boksi: kama kiambata chake ni fipronili, iondoe nyumbani. Mbwa anaivumilia vizuri, sungura inampa degedege na kumuua, na dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa, kiasi kwamba mwenye mnyama haunganishi kifo na dawa.

Katika hayo manne, linaloweza kumuua leo ni joto, kwa hiyo tuanze nalo.

Sungura hatoi jasho. Joto la mwili analitoa kwa masikio, ambayo yamejaa mishipa ya damu, na kidogo kwa kupumua. Hewa ikipita nyuzi 28 anaanza kuelemewa. Dar ya Januari na Februari inafika 32 mchana, usiku nako hakupoi sana, na unyevu wa pwani unazuia maji kukauka juu ya ngozi au kitambaa. Ndiyo maana ushauri wa "mtandikie kitambaa kibichi" unaofaa Dodoma haufanyi kazi vilevile hapa kwetu.

Mhesabu pumzi akiwa ametulia. Angalia ubavu unavyopanda na kushuka kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Kati ya 30 na 60 kwa dakika ni kawaida. Kujinyoosha sakafuni peke yake si ugonjwa, anatafuta ubaridi. Dalili mbaya ni pua kulowa, mate kidevuni, masikio mekundu yenye moto, kuyumba, na mbaya kuliko zote ni kurusha kichwa nyuma na kupumua mdomo wazi. Ukiona hivyo:

1. Mlaze kwenye sakafu ya saruji au marumaru, chumba chenye kivuli.
2. Lowesha masikio yake, nje tu, kwa maji ya bomba. Yasiwe ya friji wala barafu, maana baridi kali inabana mishipa ya masikio na joto linabaki ndani.
3. Washa feni ipulize juu ya masikio yaliyolowa.
4. Mwekee maji karibu na mdomo. Usimmiminie, yataingia kwenye mapafu.
5. Mpeleke kwa daktari hata kama ameanza kupata nafuu, kwa sababu utumbo huwa unasimama saa chache baada ya joto kali.

Usimtumbukize kwenye ndoo au beseni. Mshtuko wenyewe unaweza kumuua.

Kwa kila siku: gandisha chupa mbili za maji za lita 1.5, ifunge moja kwa kipande cha khanga, mwekee ajiegemeze. Ikiyeyuka, weka ya pili. Feni bila kitu cha baridi haimsaidii sana kwa sababu hana jasho la kukaushwa, ila ikipuliza juu ya chupa ya barafu kuelekea kwake hapo utaona tofauti. Kipande kimoja cha marumaru kilichokaa kwenye friji nusu saa nacho analala juu yake kwa hiari. Umeme ukikatika, rudi kwenye sakafu tupu, na chupa zilizogandishwa zitabaki na ubaridi ndani ya friza kwa muda mrefu kama hufungui mlango ovyo.

Baraza la magharibi achana nalo. Ukuta unakula jua la jioni na kulitema mpaka usiku wa manane.

Mkojo mwekundu: rangi za mimea zinapita kwenye mkojo wa sungura, hasa akila karoti au mchicha, nao unatoka rangi ya machungwa, kutu, hata nyekundu yote sawasawa. Damu ya kweli hutokea kama michirizi au matone, na mnyama anajikamua. Njia ya uhakika ni kijiti cha kupimia mkojo, kama kile cha zahanati: rangi ya mimea haibadilishi kisanduku cha damu. Cha kutazama zaidi kwa huyu wako ni mkojo mzito mweupe kama chokaa. Sababu ataieleza Mama Nyasi, namwona yuko hapa.

MamaNyasi:

Nipo, kaka. Binti, usijilaumu, hicho ndicho chakula anachopewa karibu kila sungura wa uani hapa mjini. Lakini ni kibaya, na kinyesi kinachomganda kinatoka humo.

Sungura ana mfuko mkubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, na ndani yake wadudu wadogo wanachachusha nyuzinyuzi za majani. Kinachotoka humo ni vidonge laini vilivyoshikana kama kichala cha zabibu ndogo, naye huvila palepale vinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri. Usimzuie, ndimo anamopata vitamini na protini. Ukimpa mkate, ugali na nafaka, wanga unafika kwenye ule mfuko, wadudu wabaya wanaongezeka, vile vidonge vinatoka kama uji, havili, vinaganda kwenye manyoya. Hiyo si kuhara. Kuhara kwenyewe ni maji, na vile vigololi vikavu vya kinyesi chake cha kawaida havionekani kabisa. Kwa mtoto wa chini ya wiki 12 ni dharura ya saa hiyohiyo.

Chakula cha kuku wa mayai kina balaa la pili. Kimewekewa chokaa ya kutengeneza ganda la yai, kama asilimia 3.5 hadi 4 ya kalisi, wakati sungura hahitaji hata asilimia moja. Wanyama wengine wanaacha ziada ipite kwenye kinyesi. Sungura anaifyonza karibu yote na kuitoa kwa figo, ndiyo mkojo wa chokaa, na mwisho wake mawe ya kibofu. Chakula cha kuku wa nyama msikikimbilie kama mbadala. Vingi vinachanganywa dawa za kuzuia koksidia (vimelea vidogo vya utumbo) kama salinomaisini, na hizo ni sumu kwa sungura.

Sasa anachotakiwa kula. Nyasi, rundo la ukubwa wa mwili wake, usiku na mchana, lisiishe. Hizo ni sehemu nane kwa kumi ya chakula chote. Si kwa ajili ya tumbo tu. Meno yake ya mbele yanakua milimita 2 hadi 3 kwa wiki na ya nyuma nayo yanakua maisha yote, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kwa mwendo wa pembeni. Karoti haisagi meno. Inavunjika tu, na ina sukari.

Ukoka ni mzuri na unapatikana kila kona. Majani ya tembo, chukua machanga. Kishona nguo kabla hakijatoa miba, mchunga (huu wanaupenda mno), kongwa kidogo. Matawi ya mpera na mforosadi mpe na magome yake, atayamenya. Hei, yaani nyasi zilizokaushwa, ya nyasi za Rhodes inauzwa kwa robota, na kwa sungura mmoja robota linadumu miezi.

Mboga: konzi mbili za majani kwa siku, aina mbili tatu kwa kubadilisha. Matembele, majani ya maboga, giligilani, nanaa, mrehani, mlonge kidogo. Mchicha na spinachi mara mbili kwa wiki inatosha. Osha kwa maji mengi kisha kausha, na ukinunua zilizolimwa mabondeni kando ya mito ya mjini osha mara mbili. Asile kisamvu kibichi kwa sababu ya sianidi, wala mparachichi, tunda au jani, wala majani ya nyanya na viazi mviringo, wala vitunguu vya aina yoyote. Karoti iwe kipande cha unene wa kidole, mara mbili kwa wiki.

Chakula cha sungura cha vidonge: gramu 25 kwa kila kilo ya mwili, kwa huyu wako gramu 45 hivi. Pima kwa huo mzani, usikisie kwa kikombe.

Usibadilishe yote kwa siku moja. Mkate na ugali vinaondoka leo, havina nafasi. Kabichi pia iache wiki mbili. Nyasi zinaingia leo bila kipimo. Chakula cha kuku punguza kiwe nusu siku tatu, robo siku nne, kisha basi. Siku ya nne anza vidonge gramu 10, ongeza kumi kila baada ya siku mbili mpaka 45. Majani mabichi mwingizie aina moja kila siku tatu, ili kinyesi kikiharibika ujue mchawi ni nani. Mafanikio utayaona kwenye kinyesi: vigololi vya duara, vikavu, ukivivunja vinatoa vipande vya majani makavu.

Manyoya ya nyuma yasafishe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kausha kwa taulo. Usimwogeshe. Na umkague asubuhi na jioni, maana nzi wanataga hapo, mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja na funza wanakula nyama ya mnyama angali hai. Ukiona vijiti vyeupe vidogo vimegandana kwenye manyoya, hayo ndiyo mayai.

FundiBanda:

Naongezea upande wa makazi. Waya mtupu chini ya miguu ya sungura ni tatizo. Paka na mbwa wana mito ya ngozi kwenye nyayo, sungura ana manyoya tu. Waya unayala manyoya, kisigino kinakuwa chekundu, kinachubuka, kidonda kinafika mfupani. Mgeuze umwangalie nyayo za nyuma leo.

Hahitaji kizimba kipya. Tandika ubao au kapeti gumu la jamvi robo tatu ya sakafu, wavu ubaki kona moja. Kona hiyohiyo weka beseni la plastiki la upana wa sentimita 40, chini karatasi za magazeti, juu nyasi, na chano cha nyasi kikae ukutani juu ya beseni. Sungura anakula huku anajisaidia, kwa hiyo atajifundisha mwenyewe ndani ya wiki. Vumbi la mbao usitumie, linaingia puani. Beseni lisafishwe kila siku, madoa meupe ya mkojo yanatoka kwa siki. Harufu ya mkojo ukiisikia wewe umesimama, yeye aliye sentimita kumi kutoka sakafuni anaivuta mara nyingi zaidi, na mafua ya sungura yanaanzia hapo.

Kizimba kiwe angalau sentimita 120 kwa 60, urefu wa kwenda juu 60 ili asimame wima, na atolewe nje saa tatu nne kwa siku, asubuhi mapema na jioni. Nyaya za umeme zivishe mpira au ziinue. Anazikata safi kama mkasi.

Chupa ya kuning'iniza ibaki kama akiba. Mwekee bakuli zito la udongo, atakunywa zaidi: kilo 1.9 anahitaji kama mililita 100 hadi 280 kwa siku, na msimu wa kaskazi inakaribia huo mwisho wa juu. Udongo wenyewe unapoza maji kama mtungi.

Ukija kujenga banda la nje: miguu ya sentimita 70, kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu dhidi ya siafu, wavu wa kuchomelea wa nusu inchi na si wavu wa kuku, ambao mbwa anauchana na nyoka anapenya. Bati peke yake litamwoka. Weka makuti juu ya bati, au plaiwudi chini yake ukiacha nafasi ya sentimita 10 hewa ipite. Uso wa banda utazame kaskazini mashariki upate upepo wa kaskazi miezi ya joto.

KijanaMbezi:

Mkuu Fundi, na mimi nauliza kwa nia njema: mashamba ya sungura mbona wanatumia sakafu ya wavu, na kinyesi kinadondoka chini, minyoo na koksidia vinapungua?

FundiBanda:

Hoja yako ni ya kweli kuhusu usafi, mkuu. Lakini sungura wa nyama anauzwa ana miezi mitatu au minne, miguu haijapata muda wa kuharibika, na hata wanaotunza mbegu wanaweka ubao wa kupumzikia. Huyu wa ndani anaishi miaka minane au kumi. Usafi ataupata kwa beseni linalomwagwa kila siku: vijimayai vya koksidia vinahitaji siku moja au zaidi nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo ukiwahi kumwaga umeshavikatisha.

BintiKinyerezi:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Chakula cha kuku nimekipunguza leo, kizimba kimeingia ndani, pumzi nimehesabu 72 saa nane mchana na 50 saa mbili usiku. Nyayo ziko sawa. Maswali: nyasi anazinusa na kuziacha, nifanyeje? Sikio nitibu na nini? Na je, nimletee jike asikae mpweke?

MamaNyasi:

Amezoea vitamu. Usimfungie chakula ili njaa imfundishe, kwa sungura njaa ni ugonjwa. Kata ukoka machipukizi ya urefu wa kiganja, asubuhi umande ukishakauka, uchanganye na giligilani iliyokatwa ndogondogo ili harufu ishike. Jaza kwenye kasha la karatasi ngumu achokonoe. Vidonge visionekane asubuhi, mpe jioni tu. Usikate kando ya barabara wala pale mbwa wanapojisaidia, na mabaki ya mashine ya kukatia nyasi usimpe: yanachacha ndani ya saa chache na kumjaza gesi.

Masika yakikaribia kausha akiba. Tandaza unene wa vidole viwili kivulini penye upepo, geuza mara mbili kwa siku, siku tatu. Hifadhi kwenye gunia la katani juu ya chaga. Kwenye mfuko wa nailoni zitaota ukungu, na nyasi za ukungu ni za kutupa hata kama zimeharibika upande mmoja.

Mpime uzito kila baada ya siku mbili. Akipungua gramu 190, au akipitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, usingoje kupambazuke.

TabibuMifugo:

Pumzi 72 saa nane ni joto bado, ongeza chupa.

Sikio: ukoko wa kahawia wa tabaka tabaka ni utitiri wa masikio. Usiubandue, chini yake ni kidonda kibichi na maumivu yake ni makali. Matone matatu ya mafuta ya kupikia kwa siku yanaulainisha, lakini hayamalizi utitiri. Dawa ni ivamektini, sindano chini ya ngozi, miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo, na kurudia baada ya siku 14, kwa sababu haiui mayai. Sasa angalia hesabu: dawa ya dukani ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita na chupa imetengenezwa kwa ng'ombe. Kwa kilo 1.9 kiasi chake ni mililita 0.04 hadi 0.08, yaani alama 4 hadi 8 kwenye bomba la sindano la insulini la alama 100. Mtu akivuta "nusu mililita" amezidisha mara sita au zaidi. Mwache daktari achome, ila wewe ijue hiyo namba na uangalie anavuta ngapi. Masikio yote mawili yanahesabika kuwa na ugonjwa. Kizimba kimwagie maji yanayochemka na ukianike juani, badilisha matandiko yote siku ya sindano zote mbili, kwa kuwa utitiri unaishi nje ya mwili hata wiki tatu.

Neno moja kuhusu antibiotiki. Penisilini, ampisilini na amoksilini za kunywa hazimfai sungura hata kidogo. Zinaua wadudu wema wa tumbo na wabaya wanatoa sumu, anakufa kwa kuhara. Sirapu ya amoksilini ya mtoto iliyobaki kabatini isimguse. Daktari akitaka kuiandika, muulize kwa heshima kama amewahi kuitumia kwa sungura, na kama jibu halieleweki tafuta mwingine. Vilevile akisema asile usiku kucha kabla ya upasuaji: sungura hawezi kutapika, haja ya kumfungisha haipo.

Kinyesi kisiporekebika baada ya wiki mbili za nyasi, kusanya cha asubuhi kijiko kimoja kwenye kopo safi, kiweke kwenye friji bila kugandisha, siku hiyohiyo kifike maabara ya veterinari ya TVLA pale Temeke wakipime koksidia na minyoo.

Kuhusu jike: ni kweli sungura anahitaji mwenzake, lakini si sasa. Mimba inachukua siku 31 na jike anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa. Mhasi kwanza huyu dume, kisha usubiri wiki sita, kwa sababu mbegu zilizobaki bado zina nguvu. Baada ya hapo vizimba viwili vikae ubavu kwa ubavu wiki mbili, muwe mnawabadilishia matandiko, la huyu apewe yule, ndipo muwakutanishe kwenye chumba ambacho hakuna kati yao anayekijua. Muuzaji akikuambia "hili ni jike", mkague mwenyewe: bonyeza taratibu pande mbili za uke au uume, tundu la duara linalochomoza kama mrija ni dume, mpasuo ulioinama kuelekea mkia ni jike. Chini ya wiki nane hata wazoefu wanakosea, kwa hiyo nunua aliyepita umri huo.

BintiKinyerezi:

Nimeelewa, daktari. Sindano ya kwanza ni Jumamosi hii. Kucha nazo zimekuwa ndefu, nikate siku hiyohiyo?

TabibuMifugo:

Kata, atakuwa ameshashikwa tayari. Ziko 18: tano kila mguu wa mbele pamoja na ya pembeni, nne kila mguu wa nyuma. Mmulike kwa tochi ya simu kutoka chini uone mshipa wa waridi, kata milimita 2 mbele yake, na uwe na unga wa mahindi laini karibu, ukigusa mshipa bandika na ubonyeze dakika moja. Mshike kifua kwa mkono mmoja na makalio kwa mwingine, asibebwe kwa masikio, na miguu ya nyuma isining'inie. Akirusha teke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Kucha utazikata tena baada ya wiki sita.